Kazi za wahitimu wanaosubiri ajira

Mhitimu wa chuo kikuu asiye na barua ya ajira huhesabiwa kuwa hana kazi, na hata mwenyewe akiulizwa hujibu kwamba yupo tu mtaani, anasubiri. Hata hivyo, wahitimu wengi ninaowafahamu hapa Mbagala, Dar es Salaam, wanaojibu hivyo huondoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku. Wapo wanaoendesha bodaboda za mkataba, wapo wanaofundisha tuisheni, na wapo waliokwenda mikoani kulima alizeti au mpunga kwa fedha za wazazi, ingawa hao wa kilimo, kwa niliyoyaona, hurudi mjini mapema kuliko walivyotarajia.

Jirani yangu mmoja mwenye shahada ya uhasibu ana kibanda cha wakala wa miamala ya simu karibu na kituo cha daladala. Mpita njia anaweza kudhani kwamba kazi yake ni kukaa. Ukweli ni kwamba kutwa nzima anapima fedha za aina mbili, taslimu iliyo kwenye droo na floti iliyo kwenye simu, kwa maana mwisho wa mwezi watu humiminika kutoa, taslimu ikaisha huku floti ikijaa, na mteja anayeambiwa arudi baadaye huvuka barabara kwenda kwa wakala mwingine. Kwa hiyo ameelewana na mwenye duka la jumla, ambaye jioni huwa na noti nyingi na hapendi kulala nazo: yeye huchukua noti, mwenye duka hupata salio. Uhasibu haukupotea bure, japo kamisheni ni ndogo, na kosa moja la namba linaweza kumeza faida ya siku.

Hali ya walimu inanisikitisha zaidi. Miongoni mwa waliohitimu ualimu tangu mwaka 2015 wamo ambao mpaka leo hawajaajiriwa serikalini, na siku hizi hawapangiwi vituo moja kwa moja kama zamani, bali huomba kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira na kufanyiwa usaili. Wakati wakisubiri, baadhi yao hujitolea katika shule za kata, ambako hushika vipindi vyote vya fizikia au hisabati, husahihisha madaftari na kuingia zamu, kisha hupewa nauli inayochangwa na wazazi, nayo ikichelewa hawana wa kumdai. Sioni namna ya kuutetea utaratibu huo, hata kama barua ya uzoefu inayotolewa mwishoni ina thamani yake.

Ubaya wa kusubiri ni kwamba humzuia mtu kuikuza shughuli aliyonayo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya vijana, lakini mkopo huo huombwa na kikundi, na kikundi cha wahitimu ni chepesi kuvunjika, kwa kuwa kila mwanachama ana maombi yake ya ajira na akipangiwa Kigoma huwaachia wenzake marejesho. Zaidi ya hapo kuna deni la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, lililomsomesha chuoni: aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kabla hata hajaushika, ilhali aliyejiajiri hutakiwa kulipa mwenyewe kutoka katika kipato kinachopanda na kushuka. Ndiyo maana siwashangai wanaoendelea kutuma maombi hata baada ya shughuli zao kuanza kuwalipa, jirani yangu wa kibanda akiwa mmojawapo.