Mradi wa Komamanga: kumbukumbu za Juni hadi Agosti

3 Juni

Leo nimefuta kwaya yote. Miezi miwili nilikuwa naitandaza ile "aaa" ya kompyuta juu ya mwangwi mrefu, katika vipande vitatu, na sasa nilipokuwa nimeiweka pamebaki kimya. Nimeumia, lakini ilibidi.

Kwa anayeanza kunifuata hapa: mradi ni vipande sita vya muziki wa elektroniki wa taratibu, ule wa kutuliza ambao wengi huuita nyu eji, juu ya kisa cha kale cha Wagiriki cha Persephone, binti aliyechukuliwa na Hades, mungu wa kuzimu, chini ya ardhi. Natengeneza usiku, chumbani kwangu Tanga, kwa laptopu, kinanda kidogo cha kuchomeka na hedifoni.

Kwaya niliitoa kwa Vangelis, mtunzi Mgiriki wa muziki wa elektroniki, bila kujijua. Vangelis alizaliwa mwaka 1943 Agria, karibu na Volos, na tarehe 28 Juni 2001 alipiga kazi yake Mythodea kwenye magofu ya hekalu la Zeus mjini Athens, akiwa na okestra, kwaya na waimbaji Kathleen Battle na Jessye Norman. Kazi ile iliambatanishwa na safari ya chombo cha NASA kilichokuwa njiani kwenda Mars. Ukubwa ule ulikuwa na pa kusimama: nguzo za mawe, anga wazi, maelfu ya watu. Mimi nilichukua ukubwa nikaacha nguzo.

Kilichonizindua ni kuusoma upya utenzi wa kale unaomhusu Demeter, mungu wa mazao na mama yake Persephone. Una mistari 495, na nakala yake ilikuja kuonekana Moscow mwaka 1777. Binti anachuma maua na wenzake. Anaona ua la nargisi lenye vichwa mia, ananyoosha mikono yote miwili, ardhi inapasuka. Anapiga ukelele. Vilele vya milima na vilindi vya bahari vinaurudisha, na mama anausikia huko aliko. Anararua ushungi wake, anajitupia vazi jeusi mabegani, anazunguka siku tisa na mienge mikononi, hali, hanywi, haogi.

Sauti moja, kisha mama anatembea peke yake. Kwaya ingekaa wapi hapo?

9 Juni

Jambo kubwa la mradi huu limetokea wiki hii, kwa hiyo nitalieleza polepole.

Piano tuliyoizoea inaigawa oktava katika nusu toni 12, kila moja senti 100 (senti ni kipimo cha umbali kati ya noti). Wagiriki wa kale walianzia kwenye kundi la noti nne: noti mbili za pembeni ambazo hazihami, zenye uwiano wa 4 kwa 3, na katikati yao noti mbili zinazohamahama. Namna zile mbili za kati zinavyokaa ndiyo huamua muziki una hali gani. Archytas wa Tarentum, mwanahisabati aliyeishi zama za Plato, aliziandikia hesabu, na Ptolemy, mtaalamu wa baadaye, akatuhifadhia. Katika mpangilio wake unaoitwa enharmoniki, hatua tatu kutoka chini kwenda juu ni 28/27, 36/35 na 5/4. Kwa senti ni kama 63, 49 na 386.

Yaani hatua mbili ndogo sana zilizobanana, halafu mruko mpana. Ukishuka, inakuwa kinyume chake: unaanguka kwa mkupuo, kisha miguu inaburuzika mara mbili gizani hadi uguse chini. Nilipousikia mshuko ule kwa mara ya kwanza nilivua hedifoni nikakaa tu. Kisa kizima cha ukelele na ardhi kupasuka kilikuwa ndani ya noti nne.

Natumia Surge XT, sintesaiza (programu ya kuunda sauti) ya bure inayokubali faili za kupangia sauti upya. Faili yenyewe ni maandishi matupu, kila noti kwa uwiano wake na noti ya chini kabisa: 28/27, 16/15, 4/3, 3/2, 14/9, 8/5, 2/1. Mistari saba ya noti.

10 Juni

Anayejaribu ajihadhari na hili, limenila usiku mzima. Ukiingiza noti saba bila maelezo mengine, programu inazipanga kwenye kila kibonyezo kinachofuata, cheupe kwa cheusi, na oktava inaangukia kibonyezo cha saba badala ya cha 12. Unapiga E mbili na hazilingani kabisa. Lazima uongeze faili ya pili ya kuelekeza vibonyezo. Mimi nimeweka 1/1, noti ya msingi, kwenye E, nikapanda kwa vyeupe peke yake: F, G, A, B, C, D. Vyeusi nimeviwekea x, havitoi sauti. Sasa mkono unajua unakokwenda.

22 Juni

Nahangaikia sauti ya Demeter. Nataka *aulos*, ala ya Wagiriki ya kupuliza, mabomba mawili kinywani mwa mtu mmoja. Vitabu vingi huifasiri kuwa filimbi, na hapo hupotosha, kwa sababu ilikuwa na ulimi wa tete kama zumari yetu.

Basi nikaanza na ninachokijua, wimbi la meno ya msumeno nikalichuja kidogo. Ikatoka zumari tupu, kali, ya kumtoa bwana harusi nyumbani. Tatizo liko kwenye tundu. Zumari hutanuka kuelekea mwisho wake wa chini, na ala ya tete yenye umbo hilo hutoa mafungu yote ya sauti, yaani sauti ndogo za juu zilizojificha ndani ya noti moja. *Aulos* ilikuwa na tundu la upana mmoja toka juu hadi chini, na bomba la namna hiyo hutilia nguvu mafungu ya witiri: la kwanza, la tatu, la tano. Kwenye sintesaiza sauti hiyo ni wimbi la mraba. Nikabadilisha, na papo hapo ikazama, ikawa na kifua, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi.

Kisha nikaweka bomba la pili. La kwanza liko kwenye mitetemo 220 kwa sekunde, la pili 221.5. Tofauti ile ya moja na nusu inafanya sauti zivimbe na kunywea mara tatu kila sekunde mbili. Sijaongeza kifaa kingine chochote na tayari inatembea.

6 Julai

Nimempelekea mzee mmoja wa mtaani, aliyepiga zumari ngomani tangu ujana wake. Nilimkuta barazani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hayo ndiyo madude yako ya masikioni?"

Alisikiliza kipande cha "Siku Tisa", kile cha Demeter, chote, dakika saba, macho kafumba. Aliponirudishia hedifoni akauliza, "Huyu mpigaji wako ni mzima?"

"Kwa nini babu?"

"Hapumui."

Nikamwambia na yeye huweza kupiga bila kukata sauti. Akatikisa kichwa. Akajaza upepo mashavuni, akanionyesha kwa kidole: pumzi ikiingia puani, mashavu ndiyo yanayosukuma peke yao, na pale sauti hunywea kidogo kisha hurudi. "Haikatiki, lakini anayesikiliza anajua pale nimevuta."

Nimerudi nyumbani nikachora kila pumzi kwa mkono. Kila baada ya sekunde nane hadi 13, kamwe zisifanane, sauti inashuka senti nne au tano, inafifia kidogo, inapanda tena. Nimeweka 38. Kufikia ile ya mwisho anavuta karibukaribu, maana ni siku ya tisa na mama amechoka. Hakuna kazi niliyoifanya katika mradi huu ninayoipenda kuliko hii.

19 Julai

Umeme ulikatika katikati ya kuhifadhi, betri ya laptopu ni ya kuazima siku, na faili ya kipande cha "Kisimani Eleusis" haifunguki. Nilikuwa na nakala ya siku tano nyuma. Nimeirudia kwa kumbukumbu, imetoka fupi zaidi, naiacha hivyo. Kuanzia leo nahifadhi kwenye flashi kila ninapoinuka kwenye kiti.

2 Agosti

Kipande cha mwisho ndicho kilichoupa mradi jina. Demeter amezuia mbegu zisiote, watu wanakaribia kufa njaa, Zeus, mfalme wa miungu, anamtuma mjumbe wake Hermes kumrudisha binti. Hades anakubali, ila kabla hajamwachia anamlisha punje moja ya komamanga. Aliyekula huko lazima arudi: theluthi ya mwaka chini, theluthi mbili juu kwa mama yake.

Niligawa muda vivyo hivyo, dakika tisa, tatu chini na sita juu. Chini natumia mpangilio uleule uliobanana. Kwa juu nilitaka kitu kilichofunguka, nikaenda kwenye mpangilio mwingine wa Archytas, wa diatoniki: 28/27, 8/7, 9/8. Nilidhani nitalazimika kuipanga sintesaiza upya katikati ya wimbo, na nilikuwa naogopa mshono utasikika.

Nikaziandika safu mbili kwenye karatasi, sambamba. E haihami. A, B, hazihami. F ni 28/27 huku na 28/27 kule. C vilevile. Zinazohama ni mbili tu: G inatoka 16/15 kwenda 32/27, na D inatoka 8/5 kwenda 16/9. Kila moja inapanda senti 182.

Noti mbili zinainuka na mlango umefunguka. Nimezitoa G na D kwenye njia zao wenyewe, nikazichorea mstari wa kupanda wa sekunde 40, kuanzia dakika ya tatu. Chini yake nimeweka mvua niliyoirekodi juu ya bati la jikoni mwezi wa tano. Mtu anaposikia G inapanda hajui kinachotokea, anahisi tu chumba kimekuwa kipana.

Na ile F, senti 63 juu ya E, iliyokuwa inaburuza miguu gizani, bado ipo. Nimeiacha iguse mara moja kila dakika, taratibu, hadi dakika ya tisa. Hiyo ndiyo punje.

Usiku huu natoa toleo la kwanza zima la kusikiliza. Kesho jioni nalipeleka barazani.