Barafu Chini ya Viatu vya Thabeet

Juzi mwanangu alikuwa anaangalia hoki ya barafu kwenye televisheni. Kesho yake, ukumbi uleule, viti vilevile, watu wanacheza mpira wa kikapu. Akanigeukia: "Baba, ile barafu wameipeleka wapi?"

Haijaenda popote, nikamwambia. Iko palepale, imefunikwa. Nikajikuta nimerudi Hartford, mji wa jimbo la Connecticut, Marekani, baridi ya mwaka 2009.

Ulikuwa msimu wa tatu na wa mwisho wa Hasheem Thabeet, Mtanzania mcheza kikapu, pale UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut. Timu ilikuwa na nyumba mbili: ukumbi wa Gampel, ndani ya chuo kule Storrs, na ukumbi wa XL Center ya Hartford, ambayo timu ya hoki nayo iliita nyumbani. Sisi wafanyakazi wa zamu ya usiku pale XL Center ndio tuliougeuza ukumbi, kutoka hoki kwenda kikapu.

Hoki ikiisha, vioo vinavyoizunguka barafu vinaondolewa na barafu inafunikwa kwa mbao za kuzuia baridi. Barafu yenyewe si nene, kama sentimeta 3 tu. Lakini ukiacha mwanya wa kidole, baridi inapanda, inakutana na pumzi za maelfu ya watu walioingia na makoti yenye theluji, na sakafu inatoka umande. Mchezaji akiukanyaga ule umande, goti lake ndilo linaloumia.

Juu ya mbao hizo ndipo inapolala sakafu ya mepo, ule mti wenye jani lililo kwenye bendera ya Kanada. Ni vipande zaidi ya 200, kila kimoja mita 1.2 kwa 2.4, karibu kilo 80, na kila kimoja kina namba yake. Tulianzia katikati. Ukianzia pembeni, kosa la milimita mbili linakua safu kwa safu, na ukifika mwisho mistari iliyochorwa haikutani. Unasukuma, unagonga kwa nyundo ya mpira, unapachika pini. Nyundo ya chuma usiiguse kabisa, maana ukingo ukishapasuka haurudi.

Usiku ule tulimaliza karibu na alfajiri. Mzee wetu wa zamu, mtu wa Puerto Rico, akachukua mpira, akaanza kuudundisha safu kwa safu, kichwa amekiinamisha kama mpiga ngoma anayesikiliza ngozi. Tu. Tu. Tu. Ndani ya eneo la sekunde tatu, lile lililochorwa mbele ya goli, upande wa kushoto, sauti ikabadilika: bwe. Mpira uliokuwa ukimfika kiunoni ukaishia gotini. Akarudia. Bwe. Akanitazama, maana safu ile niliipanga mimi.

Kipande kilichokaa sawasawa kinaurudisha mpira. Chenye uwazi chini kinaimeza nguvu yake, na mguu wa anayetua hapo unapokewa tofauti na alivyouzoea. Kwa kuwa vipande vimepishana kama matofali, ilibidi tuchomoe pini za vitatu vizima ili tukifikie kimoja. Nikainama na tochi. Juu ya ubao wa kuzuia baridi palikuwa na bonge la barafu, dogo kama korosho, lililodondoka kutoka kwenye buti langu. Nikalibandua kwa kucha. Kabla sijasimama lilikuwa limeshakuwa maji kiganjani. Tukafuta, tukarudisha kila kimoja kwa namba yake, pini, nyundo. Mzee akadundisha: tu.

Jioni nikapata kiti juu kabisa. Thabeet, mita 2.21, jezi namba 34, alisimama palepale. Msimu ule alikuwa akizuia wastani wa mitupo 4.2 kila mechi, na Juni yake, timu za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, zilipochagua wachezaji wapya, Memphis wakamchagua wa pili, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo. Mpinzani akaingia na mpira, Thabeet akaruka, mkono ukaenda juu, ukumbi mzima ukasimama. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye viatu vyake.

"Aliuzuia?" mwanangu akauliza.

"Alitua vizuri," nikamwambia.