Machozi Niliyoyataka kwa Mtoto

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Nilikuwa nimeandaa tafakari juu ya malaika, maana Sikukuu ya Mikaeli na Watoto inakaribia na usharika wetu huwaachia watoto ibada nzima siku hiyo. Lakini tangu Jumamosi, kila nikifungua Biblia naona uso wa mtoto mmoja. Nimeshindwa kuandika kingine.

Igizo letu mwaka huu ni Hajiri na Ishmaeli jangwani. Mvulana anayekuwa Ishmaeli ana miaka minane. Maneno ameyashika yote na sauti anayo, ila kulia hawezi. Kila tukifika pale maji yanapokwisha kwenye kiriba (sisi tunatumia kidumu cha lita tano kilichofungwa kitenge), anaminya macho, anawatazama wenzake, anacheka. Tulirudia mara sita. Jua linazama, wazazi wameshaanza kufika getini. Nikamwita pembeni, nikainama sikioni mwake. Mama wa mtoto huyu yuko Muscat, Oman, anafanya kazi za ndani, huu ni mwaka wa pili, na mtoto analelewa na bibi yake. Hayo yote nilikuwa nayajua. Nikamwambia, "Na mama yako akisema harudi tena?"

Alilia. Alilia mpaka kamasi zikamtoka, akakaa chini kwenye mkeka, wenzake wote wakanyamaza. Nami nikapiga makofi. Nikasema, "Hapo sasa! Hivyo hivyo siku yenyewe."

Jumapili jioni mpwa wangu, anayesomea mambo ya filamu, alikuja kula kwetu. Nikamsimulia jinsi nilivyompata Ishmaeli wangu, bado nina furaha nayo. Akaweka kijiko chini. Akaniuliza, "Shangazi, umewahi kumsikia Jackie Cooper?"

Sikuwahi. Sasa namfahamu kuliko nilivyotaka, kwa sababu usiku ule sikulala, nikawa nasoma habari zake kwenye simu.

Jackie Cooper alizaliwa Los Angeles, Marekani, mwaka 1922. Baba yake aliondoka nyumbani yeye akiwa na miaka kama miwili, na hakurudi. Mtoto akaingizwa kwenye filamu angali mdogo sana, na mwaka 1931 akapewa nafasi kuu katika filamu iitwayo Skippy. Mwongozaji wake, Norman Taurog, alikuwa mtu wa nyumbani kabisa, amemwoa dada wa mama yake. Kulikuwa na sehemu ya kulia, na mtoto halii. Basi akatishiwa kwamba mbwa wake atapigwa risasi. Mbwa akaondolewa pale, na mtoto akaamini kwamba mbwa wake ameuawa kweli. Machozi yakaja, kamera ikayapata. Baadaye ndipo alipoonyeshwa kwamba mbwa ni mzima.

Na ile filamu ilifanikiwa. Taurog alipata tuzo ya Oscar ya uongozaji. Mtoto mwenyewe, akiwa na miaka tisa, aliteuliwa kugombea tuzo ya mwigizaji bora wa kiume, na mpaka leo hakuna aliyewahi kuteuliwa kwa tuzo hiyo akiwa mdogo kuliko yeye. Hakushinda. Inasimuliwa kwamba usiku wa tuzo alichoka, akasinzia akimwegemea Marie Dressler, mama mtu mzima aliyeshinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike usiku uleule. Mkubwa anachukua sanamu ya dhahabu kwa machozi ya mtoto, na mtoto amelala. Nimeitazama picha hiyo moyoni wiki nzima na kila mara nimeona makofi yangu mwenyewe.

Lakini kilichonivunja ni hiki. Mwaka 1981, miaka 50 baada ya filamu ile, Jackie Cooper aliandika kitabu cha maisha yake. Wakati huo anakaribia miaka 60. Ameshatumika katika jeshi la majini wakati wa vita kuu ya pili. Ameshakuwa kiongozi mkubwa katika kampuni ya vipindi vya televisheni. Ana tuzo mbili za Emmy, zile za televisheni, kwa uongozaji, na watoto wa dunia nzima wamemwona katika filamu ya Superman akiwa Perry White, yule mhariri mkali wa gazeti. Angeweza kukipa kitabu chake jina lolote la heshima. Akakiita kwa kilio cha yule mtoto: Tafadhali usimpige risasi mbwa wangu.

Miaka 50, wapendwa, na yale maneno yalikuwa bado yako mdomoni. Daudi anasema, "Uyatie machozi yangu katika chupa yako." Tunaupenda sana mstari huo tukiwa sisi ndio tunaolia. Wiki hii nimeusoma nikiwa upande wa pili, upande wa aliyeyasababisha, na nimeogopa. Kwa maana chupa ile haimwagwi, na machozi ya Jumamosi yamo ndani yake, na Bwana anajua ni sauti ya nani iliyoyatoa.

Sasa nataka mnisikilize kwa makini hapa, maana ndipo Mungu aliponishika.

Yule mtoto alikua. Nafasi za utotoni zikaisha, kama zinavyoisha kwa watoto wengi wa namna yake. Akatoka vitani, akahangaika, akaingia jukwaani, kisha televisheni. Kuanzia mwaka 1955 alikuwa na tamthilia yake ya vichekesho, baadaye nyingine ya daktari wa jeshi la majini, na humo ndimo alimoanza kukaa nyuma ya kamera. Kufika miaka ya 1970 alikuwa mwongozaji hasa. Tuzo ya kwanza ya Emmy aliipata mwaka 1974 kwa sehemu moja ya M*A*S*H, ile tamthilia ya madaktari wa vita vya Korea. Ya pili ilikuwa mwaka 1979, kwa sehemu ya kwanza ya tamthilia iitwayo The White Shadow.

Tazameni basi. Kiti alichokaa Taurog mwaka 1931, amekikalia yeye. Sasa yeye ndiye anayesema "tena". Yeye ndiye anayeamua mwigizaji aambiwe nini ili kitu kitoke. Aliyelizwa amepewa uwezo wa kuliza. Simfanyi mtakatifu. Alikuwa mtu, tena hata mwenyewe hakujificha katika kitabu chake. Ninachosema ni kwamba kila aliyeumizwa akiwa mdogo hufika siku moja kwenye kiti kile, na wengi wetu tumeshafika. Sisi ni wazazi. Ni walimu wa shule ya Jumapili, ni viongozi wa kwaya, ni wazee wa kanisa. Tumevuka kwenda upande wa pili wa kamera, na wengi tulivuka bila kupiga magoti hata siku moja tukamwuliza Bwana, "Nifanye nini na kiti hiki?"

Mimi sikumwuliza. Nilipokuwa na umri wa mtoto yule, nilisahau mstari katikati ya Zaburi ya 23 mbele ya usharika mzima. Mwalimu wangu alinivuta sikio hadi nje ya mlango. Mpaka leo nikiisoma zaburi ile kwa sauti, nikikaribia "gongo lako na fimbo yako", mkono wangu wa kushoto unapanda wenyewe kushika sikio. Niliapa sitamvuta mtoto sikio, na kweli sijavuta. Nikajihesabu mwema. Kumbe nilichobadilisha ni mkono tu. Sikio ni lilelile, mimi nimelitumia kunong'oneza.

Ndugu yangu mwalimu, dada yangu kiongozi wa kwaya, acha kusema, "Hata sisi tulilelewa hivyo na tumekuwa watu." Tumekuwa watu kwa neema. Siyo kwa sikio lililovutwa. Acha kusema, "Lakini matunda yanaonekana, kwaya imeshika nafasi ya kwanza jimboni." Hata Taurog alishika nafasi ya kwanza. Na Bwana wetu hakuuliza habari ya nafasi alipomweka mtoto mdogo katikati ya wanafunzi wake. Alisema habari ya jiwe kubwa la kusagia na kilindi cha bahari. Maneno hayo tunayahubiri kwa watu wa nje, kwa walevi na wenye vilabu. Aliyasema kwa mitume, tena wakati wanaulizana nani mkubwa. Na Paulo anapowaambia akina baba wasiwachokoze watoto, katika Wakolosai anatoa sababu: wasije wakakata tamaa. Anajua mtoto anaweza kukata tamaa. Sisi tunaona mtoto amenyamaza tukadhani ametii.

Nami nawaambia kwa upendo: mtoto wa watu siyo chombo cha ibada yako kupendeza. Kama igizo haliwezi kusimama bila kumvunja moyo, acha lianguke. Ibada itaendelea.

Kuna jambo jingine katika habari ya mtu huyu nimelishika kwa faraja. Ile The White Shadow inahusu mchezaji wa mpira wa kikapu aliyeumia goti, akaishia kuwa kocha wa vijana wa shule moja ya Los Angeles. Kati ya vijana walioigiza kama wachezaji wake, watatu nao walikuja kuwa waongozaji: Thomas Carter, Kevin Hooks na Timothy Van Patten. Carter na Van Patten kila mmoja alikuja kushinda Emmy ya uongozaji. Sisemi Cooper ndiye aliyewafanya hivyo, maana waongozaji walipita wengi. Lakini mwanzo wa safari ile, kwenye kiti, alikaa mtu aliyejua mtoto anavyojisikia akiwa mbele ya kamera. Nimemwomba Mungu nami nikumbuke kila Jumamosi kwamba mbele yangu hawajakaa waigizaji. Wamekaa watu watakaokalia kiti hiki nikishaondoka.

Alhamisi nilikwenda kwa bibi yake. Mathayo 5 ilikuwa imenikaba. Singeweza kusimama madhabahuni na watoto bila kwenda kwanza. Nilimkuta bibi anapika vitumbua uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu, karibu. Kuna nini, mbona jioni hivi?"

Nikamweleza, pale pale, mafuta yanachemka. Hakunijibu. Aligeuza vitumbua kimoja kimoja mpaka akamaliza kikaango kizima, kisha akamwita mjukuu wake. Nilichuchumaa ili macho yetu yalingane. Nikamwambia nilichomwambia Jumamosi hakikuwa kweli, na kwamba nilikosea, na kwamba naomba anisamehe.

Akaniuliza, "Kwa hiyo mwalimu ulisema uongo?"

"Ndiyo. Nilisema uongo."

Alinitazama muda mrefu. Bibi akafuta mikono kwenye kanga, akachukua simu. Kule Muscat wametutangulia saa moja, mama yake alikuwa jikoni bado, tukamwona kwenye kioo amefunga kilemba, uso umechoka. Mtoto hakusalimia.

"Mama, unarudi?"

"Narudi, baba. Narudi. Nani amekwambia sirudi?"

Mtoto akanitazama. Hakunitaja. Alisema tu, "Nilikuwa nauliza." Wapendwa, sijawahi kuhurumiwa namna ile na mtu mzima.

Simu ilipokatika nilifungua Mwanzo 21, nikaisoma tena kwa sauti, maana nilitaka kumwambia habari ya Ishmaeli vizuri. Na hapo, baada ya majuma matatu ya mazoezi, ndipo nilipoona: aliyeketi mbali, kadiri ya mtupo wa mshale, akapaza sauti akalia, ni Hajiri. Ni mama ndiye aliyelia. Kwa kijana imeandikwa tu, "Mungu akasikia sauti ya kijana." Machozi niliyokuwa nayatafuta kwake hayamo hata katika maandiko.

Nikamwambia hatalia tena. Kazi yake ni kulala chini ya kijiti na kusubiri, na Mungu atasikia. Akafikiri kidogo, akaenda ndani akaleta mkeka, akautandika kando ya jiko la bibi yake. Akajaribu kulala kifudifudi, akakataa. Akajaribu ubavu. Mwishowe akalala chali, akaniomba kitu cha kushika badala ya kidumu, bibi akampa chupa ya mafuta iliyokwisha, naye akaikumbatia kifuani akafumba macho.

"Hivi, mwalimu?"

Nikamwambia, hivyo hivyo.