Nilivyopumzika na mitandao bila kupotea kwa watu wangu

Kwa wale ambao usingizi hauji kisa simu, mi hii ndo ilinisaidia. Kufuta app peke yake haitoshi, dakika mbili tu ushairudisha maana akaunti bado iko hewani. Dawa ni kuzima akaunti yenyewe kwa muda. Facebook ukizima, Messenger unaweza kuiacha iendelee, kwa hiyo wateja na ndugu wa mbali bado wananipata, na Instagram picha zako zote zinabaki salama mpaka uingie tena. Ila ukichagua kufuta moja kwa moja una siku 30 tu za kughairi, kuweni makini hapo jamani.

WhatsApp nikabaki nayo, magrupu nikayazima mlio yote kasoro la familia, maana habari ya msiba au mgonjwa unaipata hapo hapo. Status sifungui.

Kubwa kuliko yote ni simu kulala sebuleni, nikanunua saa ya mezani ya alamu Kariakoo ili kisingizio cha kuiweka kitandani kiishe, na kwa kweli saa nne usiku nishalala fofofo.