Maji safi kisimani, machafu mtungini

Watoto waliharisha msimu mzima wa mvua, nasi lawama zote tukazitupia kisima. Nikapima maji ya pampu: hakuna kimelea cha kinyesi hata kimoja katika mililita 100. Nikapima ya mitungini, nyumba kwa nyumba. Karibu yote yalikuwa machafu!

Nikakaa kwenye nyumba moja, nikatazama. Mtoto katoka kucheza, kafunua mtungi, kachota kwa kikombe, vidole vyote vimezama majini. Basi, ugonjwa ulikuwa unaingilia hapo.

Tukaacha kuchota. Kila nyumba ikapata ndoo yenye mfuniko na koki, ikaoshwa kwa sabuni kabla ya kujazwa.

Waliokuwa wakichota mtoni walinisumbua zaidi. Niliwatilia klorini majini, nikapima baada ya nusu saa, sikukuta klorini yoyote iliyobaki. Kosa lilikuwa langu: tope huimaliza klorini kabla haijaua vijidudu. Siku hizi maji yanatuama usiku kucha, yanachujwa kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, ndipo tunatia dawa na kusubiri dakika 30. Natafuta klorini iliyobaki ya miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Ikizidi sana, watu huikataa harufu na kurudia maji mabichi, na hilo naliogopa kuliko yote.

Klorini ikiisha, maji yaliyochujwa tunayachemsha hadi yatokote.

Nilipopima tena, safari hii kwenye koki za ndoo, sampuli zilikuwa safi.