Mradi wangu wa shajara (mti wa ukoo) ya kina Butler: nimefika manila ya tatu

Haya wadau, ripoti ya mradi. Mwaka jana nilianza na manila moja nikidhani itatosha, sa hivi ziko tatu zimeungwa kwa selotepu ukutani juu ya kochi, na mistari bado inatafuta pa kwenda. Kwa waliochelewa: naishi hapa Kilkenny, Ayalandi, na nachora uzao wa kina Butler, ukoo ulioshika cheo cha Erli wa Ormond tangu 1328, wakapanda wakawa Maduki, wakaporomoka, wakapanda tena wakawa Mamarkizi (hivi ni vyeo vya ukabaila vya kurithi: erli, juu yake markizi, juu kabisa duki). Ninachofuatilia hasa ni hivyo vyeo viliishaje, manake kila kimoja kilikufa kifo chake.

Jina lenyewe ni kazi: Butler maana yake mnyweshaji. Theobald Walter alikuja huku 1185 pamoja na John, mtoto wa mfalme wa Uingereza, akapewa ukuu wa wanyweshaji, kama yule wa Farao kwenye kisa cha Yusufu, na ukoo ukawa na haki ya kuchukua sehemu ya mvinyo ulioshushwa bandarini. Waliishika haki hiyo karne na karne mpaka 1811 serikali ikainunua kwa pauni 216,000. Hebu fikiria, zaidi ya miaka mia sita mnakula kwa kazi ya babu mmoja.

Mwezi huu kazi kubwa ilikuwa rangi. Nimenunua makapeni tatu. Nyeusi ni cheo kilichokufa, yaani hakuna mwanamume aliyebaki kwenye mstari wa yule wa kwanza aliyepewa. Nyekundu ni kilichonyang'anywa, mtu ameasi, wakapitisha sheria ya kumvua. Kijani ni kilicholala, huenda mwenye haki yupo lakini hakuna aliyethibitishwa. Ukizichanganya hizi tatu shajara yote inakuwa uongo, na mi nilizichanganya.

Kosa lilikuwa hapa. Duki wa 2 wa Ormonde alishtakiwa uhaini 1715, akakimbilia Ufaransa, akafia Avignon 1745. Nikachora nyekundu, nikafunga kila kitu hapo, na nikaendelea hivyo miezi minne. Halafu nikawa najiuliza, sasa hawa kina Erli wa 15, wa 16, wa 17 wametoka wapi kama cheo kiliisha? Kumbe sheria ya 1715 ilipitishwa na bunge la London, haikugusa vyeo vya Ayalandi, ila wakati ule watu waliamini vimeenda vyote. Ndugu yake Charles, aliyekuwa Erli wa Arran, aliishi mpaka 1758 akiwa Duki wa 3 kwa haki na hakuwahi kuitwa hivyo. Alipokufa bila mtoto uduki ukafa kweli, ule wa Ayalandi (wa Uingereza ulishanyang'anywa), hapo ndo pa kalamu nyeusi. Uerli ukateremka kwa binamu wa Kilcash, wakapita wawili kimya kimya, mpaka 1791 John Butler akaenda mbele ya Baraza la Malodi la Dublin, yaani bunge la juu la Ayalandi, wakamkubali kuwa Erli wa 17. Nimebandua kipande kizima cha manila nikachora upya. Wale watatu waliopita bila kuitwa kwa cheo chao nimewawekea visanduku vya mstari wa nukta, majina nimeyaandika kwa herufi kubwa sawa na wengine.

Jumamosi nilirudi kanisa kuu la St Canice, kwenye kaburi la Piers, Erli wa 8, na mkewe Margaret FitzGerald. Wamelala kwa jiwe la rangi ya giza, bega kwa bega, yeye kavaa deraya, mama kavaa kilemba na mkanda wa urembo, na mwanga wa dirisha ukiwapiga unaona mpaka mikunjo ya gauni. Nilisimama pale muda mrefu. Piers alikufa 1539, Margaret 1542, na bila wao wawili nusu ya ukuta wangu isingekuwepo.

Manake angalia. Erli wa 7 alikufa 1515 akiacha mabinti wawili, hakuna mtoto wa kiume. Piers alikuwa binamu wa mbali, akasema cheo kinafuata wanaume. Upande wa mabinti ukasema hapana, na mjukuu upande huo alikuwa Thomas Boleyn, baba yake Anne, yule aliyekuja kuolewa na Henry wa 8. Unaweza kushindana na mkwe wa mfalme? 1528 Piers akaachia, akapewa cheo kingine cha Erli wa Ossory, mwaka uliofuata Boleyn akawa Erli wa Ormond. Anne akaja kukatwa kichwa 1536, na 1538 Piers akarudishiwa chake. Akakaa nacho mwaka mmoja tu.

Lakini mtu aliyenishika moyo kwenye mradi huu wote ni Joan FitzGerald, mkwe wa Piers. Aliolewa na James, Erli wa 9, wakapata watoto wa kiume saba, James akafa kwa sumu London 1546 baada ya karamu, yeye na watumishi wake kadhaa. Baadaye Joan akaolewa na Gerald FitzGerald, Erli wa Desmond, kijana mdogo kwake kiumri kwa mbali, na hapo ikawa shughuli, manake Desmond na Ormond ni maadui wa tangu na tangu, na Erli wa Ormond wakati huo ni Thomas, mtoto wa Joan mwenyewe. Huyu mama akawa anasimama katikati ya mume na mwana. Alikufa Januari 1565. Februari, mwezi mmoja tu, mume na mwana wakapigana vita huko Affane, Gerald akapigwa risasi ya nyonga akatekwa na mtoto wa mkewe. Inasimuliwa kwamba walivyombeba mabegani wakamuuliza yuko wapi sasa Desmond mkubwa, akajibu yuko mahali pake, shingoni kwa kina Butler.

Gerald aliishia kuuawa msituni Kerry Novemba 1583, kichwa kikapelekwa London, cheo nyekundu. Ila 1619 kilipotolewa upya alipewa Mskoti, Richard Preston, aliyekuwa amemuoa binti wa yuleyule Thomas, na binti yao naye 1629 akaolewa na James Butler, ambaye ndiye aliyekuja kuwa Duki wa 1. Mstari unatoka kwa Thomas, unapita Desmond, unarudi palepale kwa kina Butler, na nimeuchora wote kwa wanawake.

Kuhusu nyaraka, wengi wanajua Four Courts ya Dublin, jengo la mahakama lenye hifadhi ya nyaraka, iliungua Juni 1922 na kumbukumbu za nchi nzima zikateketea. Kina Butler walikuwa na hati zao kasrini hapa Kilkenny, ndo maana zimesalia, sasa ziko Maktaba ya Taifa.

Mwisho wa ukuta ni 1997. Umarkizi ulishakufa mara moja 1820, ukatolewa tena 1825 kwa mdogo wake marehemu. Kasri walilolinunua 1391 walihama 1935, na 1967 Markizi wa 6 akawaachia wakazi wa mji kwa pauni 50. Wa 7 aliishi Marekani, akafa mwaka huo wa 1997 akiwa na miaka 98, ameacha mabinti wawili. Kwa hiyo umarkizi nimeutia nyeusi, uerli wa 1328 kijani, na hao mabinti wana visanduku vyao kamili, mstari usiokatika.

Kijani inaelekea kwa kina Mountgarret, uzao wa Richard, mtoto mdogo wa Piers, aliyepewa uviskaunti (cheo cha chini ya uerli) 1550. Naanza nao wiki ijayo. Manila ya nne nimeshanunua, sijajua tu itakaa wapi, labda nihamishe kochi.