Jina la babu kwenye hitima

Kila Shaaban, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, nyumbani kwetu Mkomani, hapa Lamu, husomwa hitima ya marehemu wetu. Juzuu 30 hugawanywa, na kabla ya dua mwalimu husoma majina yaliyoandikwa na ami yangu. Nimeyasikia tangu utotoni. Babu mmoja hakuwamo.

Ni ndugu wa bibi, tumbo moja. Hakuoa. Alipiga ngoma kwenye harusi za wanawake, akiingia ndani bila hodi, na bibi-arusi hatoki mpaka yeye aseme kikuba kimekaa sawa. Mtaa mzima ulimwita shoga, kwa mdomo ule ule uliomwita aje kupamba. Mimi pia ni wa namna yake, na kwetu wanaolijua hilo ni wawili tu.

Nilianza kwa njia za wengine. Kwenye simu niliona wenzetu wa Marekani wakiweka picha ya Marsha P. Johnson, mwanaharakati wa haki za watu kama sisi aliyefariki 1992, kwa mshumaa na maua. Wengine wakimkumbuka mwanaharakati Simon Nkoli wa Afrika Kusini, aliyefariki 1998. Nami nikawawekea mshumaa kwenye kidaka chumbani. Usiku wa tatu moshi ukatia masizi kwenye chokaa, mama akauliza kama nimeingia uganga. Nikauzima. Heshima yao naijua, lakini nilijiona kama mtu anayelia matanga ya mbali na kwake kuna maiti hajarehemiwa.

Basi nikamwomba ami aniachie kazi ya kuandika ile karatasi, maana macho yake yamepungua. Mwaka wa kwanza nikaliweka jina la babu mwisho kabisa. Mwalimu alilifikia, akakohoa, akaingia Al-Fatiha. Kosa langu, jina la mwisho ni jepesi kurukwa. Mwaka wa pili nikaliweka katikati, baina ya baba yake na dada yake, na siku mbili kabla nikamwambia bibi. Alikuwa akitunga asumini. Hakusema neno, wala uzi haukusimama.

Siku ilipofika mwalimu akaliruka tena. Kutoka nyuma ya pazia, walikokaa wanawake, ikaja sauti: "Na nduyangu je?"

Chetezo kilikuwa mkononi mwangu, udi unafuka. Mwalimu akarudi juu ya karatasi, akalisoma jina lake na la baba yake, na watu wakaitikia vile vile walivyoitikia mengine.

Mwandishi wetu wa Kenya, Binyavanga Wainaina, simtii kwenye hitima, hakuwa Muislamu. Alijitangaza kuwa shoga mwaka 2014, akafariki 21 Mei 2019, siku 3 kabla ya Mahakama Kuu kukataa kuifuta sheria inayoweza kutufunga hadi miaka 14. Kila tarehe hiyo nanunua mahamri, nawapa watoto wa chuo cha Kurani. Wakiuliza ya nini, nawaambia sadaka. Nia iko moyoni.

Kaburi la babu ni jiwe la tumbawe tu, halina maandishi. Bibi alinipa mrashi na kitawi cha mrehani nikampandie. Wa kwanza uliliwa na punda. Wa pili nimeuzungushia miiba, na kila Ijumaa bibi huniuliza kama umeshika.